Sentensi Niliyoikata

Bergdís aliponiambia ameandika kitabu, nilicheka. Nasema hivi mapema kwa sababu mengine yote nitakayosema juu yangu ni mabaya zaidi. Alivua viatu mlangoni, akaketi jikoni kwangu mahali pake pa siku zote, akasema, "Sólrún, kitabu changu kimekubaliwa."

"Kitabu gani? Cha mapishi?"

"Cha watoto," akasema, akachovya andazi kwenye kahawa. "Chenye giza kidogo."

Kwetu kuandika kitabu si ajabu. Ghuba yetu ina watu mia tisa. Yule anayesukuma theluji barabarani ana diwani mbili za mashairi, na fundi bomba ameandika maisha ya mbwa wake. Lakini Bergdís! Bergdís ambaye herufi zilimchezea tangu utotoni, anaona hii mahali pa ile. Kila Jumatatu mwalimu alimsimamisha mbele ya darasa asome kwa sauti, na darasa zima likacheka mpaka kengele. Akiwa na miaka kumi na tano aliacha shule, akaingia kiwanda cha samaki, na hakutoka tena. Miaka thelathini na nne amesimama pale akikata minofu ya chewa, miguu ndani ya buti, vidole vimevimba kwa baridi. Mume alimpata mwingine Norwei, naye akawalea wanawe wawili bila kumsema vibaya baba yao hata siku moja. Jambo hilo nalo liliniudhi. Mimi mume wangu akinifanyia hivyo ningemsema hadi mimbarini.

Alichokuwa nacho ni mdomo. Wanawake wa zamu yake hugombea kusimama karibu naye, maana akianza kusimulia, saa nne za kusimama zinapita bila mtu kujua. Kitabu chenyewe alikisimulia kwenye simu akitembea kutoka kazini, siku baada ya siku, na mwanawe mdogo akakichapa.

Na nani alimfundisha kusoma? Mimi. Tulikuwa na miaka kumi. Nyuma ya banda la kukaushia samaki kulikuwa na ukuta ulioshika chumvi, nikawa namwandikia herufi kwa kidole, yeye anazifuata kwa kidole chake, mpaka zikatulia. Nimelisema jambo hilo mbele ya watu mara nyingi kuliko inavyofaa.

Mimi ni mkutubi wa shule, mwaka wa ishirini na sita sasa. Nami nina kitabu. Kinaitwa Mwanakondoo wa Gudda, kilitoka miaka minane iliyopita, na maboksi sita yako gereji, yamekalia matairi ya kiangazi. Nakala moja iko rafuni shuleni. Kitabu kisichoazimwa miaka miwili, kompyuta huagiza kiondolewe. Kwa hiyo kila baada ya miezi michache nilikiazima mwenyewe, nikakirudisha wiki ya pili, nikakipangusa vumbi, nikakisogeza mbele kidogo ya wenzake. Sasa mnanijua.

Cha Bergdís kilitoka Novemba, jalada jeusi tii, kikiitwa Nyumba Saba. Ni habari ya msichana ambaye kaka yake alikufa maji usiku wa dhoruba. Nyumba saba za ghuba ziliiona taa ya mtumbwi wake ikiomba msaada, na hakuna hata moja iliyofungua mlango. Msichana anaziendea moja moja. Hamuui mtu. Kila nyumba anaichunguza siku tatu, anajua mwenye nyumba anapenda nini kuliko vyote, kisha anakichukua hicho. Hayo yote niliyasoma nyuma ya jalada. Ndani nilifika ukurasa wa thelathini, farasi wa nyumba ya kwanza anapofunguliwa zizi na kutoweka mlimani, nikakifunga. Nilikifunga kwa sababu kilikuwa kizuri. Kijiba cha roho kikanikaa hapa, chini ya koo, na hakikushuka hata kwa chai ya moto.

Nikajipa moyo: watoto hawatakipenda. Kina giza, kina kisasi, hakina hata mtu mmoja anayechekesha. Watoto ndio waamuzi kwetu. Kila Desemba, kabla ya Krismasi, darasa la sita husoma vitabu vipya na kuandika karatasi za maoni. Mimi huchagua tatu, nazipeleka kwenye gazeti la ghuba, na Alhamisi likitoka, watu wazima hukimbilia dukani kununua walichosifu watoto, maana mkesha wa Krismasi bila kitabu kipya kitandani si mkesha. Halafu siku ya mwisho ya shule, tunayoiita Krismasi ndogo, watoto huzunguka mti wakiimba, na mwandishi mmoja hualikwa kusoma mbele yao. Mwaka ule mwalimu mkuu, Eyjólfur, alikuwa amemwalika Bergdís kabla hata maoni hayajatoka.

Bergdís aliomba ruhusa kiwandani wiki tatu mapema. Akajifumia sweta mpya, nyeusi, yenye maua meupe kifuani. Kila jioni niliiona ikirefuka dirishani kwake, maana nyumba zetu zinatazamana, uwanja mmoja tu katikati.

"Unajua watanisimamisha wapi?" aliniuliza. "Pale pale, Sólrún. Kwenye ule ubao aliokuwa akinisimamisha yule bwana. Nimetaka kusimama pale tena tangu nina miaka kumi na tano. Mara moja tu, halafu nife zangu."

"Utapendeza," nikasema, na shavu langu likauma kwa kutabasamu.

Jumatano ya maoni walikuja watoto kumi na mmoja, wakajitupa kwenye zulia na soksi zao zenye matundu. Maktaba nzima ikanuka chenza. Nikawaambia, "Haya, tuanze na Nyumba Saba. Msiogope kusema kama kitabu kimewaudhi."

"Mimi kimeniudhi sana," akasema Tindur, mtoto wa fundi bomba.

Nikajisogeza mbele. "Ehe! Kimekuudhi nini?"

"Kimeisha."

Wakacheka, wakagongana viganja. Sölvi mnene akanyoosha mkono. "Mimi nilimwonea huruma yule mzee mpiga kodiani, msichana alipoitupa ala yake baharini. Halafu nikakumbuka alichofanya mzee. Nikasema, amekoma! Halafu nikamwonea huruma tena. Nilichoka mpaka nikala chakula cha usiku mara mbili."

"Wewe unakula mara mbili hata ukisoma hesabu," Tindur akamtupia ganda la chenza.

"Nyumba ya saba ndiyo mbaya," akasema Katla.

Katla ni mtoto mwembamba, mwenye nywele za kujikata mwenyewe, asiyesema neno mpaka awe amelipima. Akaendelea: "Yule mwanamke wa nyumba ya saba. Msichana anamchunguza siku tatu, haoni anachopenda. Hana farasi, hana kodiani. Kila giza likiingia anakuja tu dirishani kutazama kama taa ya msichana imewaka."

"Anachungulia," akasema Tindur. "Ana kijicho. Anataka kujua mwenzake amepata nini."

"Anampenda, zuzu wewe."

"Mtu akikupenda anagonga mlango. Hachungulii."

"Kuna watu hawajui kugonga!"

"Basi wajifunze. Mkono anao."

Wakabishana hadi masikio yakawa mekundu. Miaka ishirini na sita sijawahi kuona watoto wakigombania kitabu namna ile. Changu hawakukigombania hata kwa kukikataa. Mwishowe wakanigeukia wote. "Sólrún, wewe unasemaje? Anampenda ama anamwonea wivu?"

Mimi niliyeishia kwenye farasi nikasema lile tunalosema wakutubi tukibanwa: "Kila msomaji ana haki ya maoni yake."

Katla akanitazama kitambo. Nadhani ni hapo alipojua kwamba sijakisoma.

Nikabaki na karatasi zao. Za Nyumba Saba, zote kumi na moja ziliimba sifa. Ya Katla ilikuwa ya mwisho, mwandiko wake mdogo ulionyooka, nami naijua kwa moyo hadi leo: "Nililia siku tatu. Niliogopa kulala peke yangu, mama akaja kulala kwangu. Baada ya hapo nikaanza tena ukurasa wa kwanza, kwa sababu sijawahi kukutana na kitabu kinachoniamini kiasi hiki."

Kinachoniamini. Mtoto wa miaka kumi na moja! Nani aliwahi kuandika hivyo juu ya mwanakondoo wangu? Nikachapa sentensi ya kwanza. Nikachapa ya pili. Nikaweka nukta. Nikachapa jina la Katla na umri wake, nikaambatanisha na maoni mawili marefu ya vitabu vingine, ya Tindur mojawapo, nikatuma. Nilijiambia sikubadilisha hata neno moja, na ni kweli, sikubadilisha.

Gazeti likatoka Alhamisi. Ijumaa alasiri, kwenye bwawa la maji moto ambako ghuba yetu huamulia kila kitu, mama mmoja alisimama na mvuke wake wote. "Siku tatu mtoto wa watu analia! Haogopi peke yake, anaogopa na mama yake! Na mwandishi huyo huyo ndiye wa kutusomea Krismasi ndogo?"

"Mimi nimekirudisha dukani," akasema mwingine. "Nimechukua cha mapishi."

"Kwani ameandikia watoto au mahakama?"

Nilikuwa nimekaa kwenye kona, maji yamenifika kidevuni, nikitazama theluji inavyoyeyuka kabla ya kugusa maji. Jumamosi Eyjólfur alikuwa na baruapepe kumi na saba, naye ni mtu anayeogopa baruapepe kuliko tufani. Jumapili akamwandikia Bergdís kwamba kwa kuzingatia hisia za wazazi, usomaji umeahirishwa.

Bergdís alinijia na ile barua ikiwa kwenye simu. Hakuvua koti. "Labda ni kweli," akasema. "Labda nimewatisha watoto wa watu."

"Usiseme hivyo."

"Siku tatu, Sólrún. Mtoto analia siku tatu, nani atanisamehe? Mimi nilidhani..." Akafuta uso kwa kiganja, kile chenye makovu ya kisu. "Nilitaka tu kusimama pale. Mara moja."

Nikammiminia kahawa, nikamshika bega. Nikamwambia, "Labda mwakani uandike kitu chepesi. Chenye wanyama."

Nilipotamka maneno yale nilisikia raha. Sitaki kuipamba. Ilikuwa raha kamili, ile ya kuvua kiatu kinachobana. Alipoondoka nilikula maandazi manne.

Jumatatu Katla aliingia maktaba na theluji kwenye kofia. Aliweka gazeti mezani pangu, akaweka kidole. "Sentensi yangu ya mwisho iko wapi?"

"Nafasi ya gazeti ni ndogo, kipenzi."

"Ya Tindur ni ndefu kuliko yangu mara mbili."

"Hayo ni mambo ya mhariri."

"Nimempigia simu mhariri. Amesema amechapa alicholetewa."

Nikapanga upya kalamu ambazo zilikuwa zimepangwa. "Mara nyingine, Katla, mtu mzima huona..."

"Sawa," akasema, akalikunja gazeti.

Hakwenda zake. Aliketi pembeni karibu na kipasha joto, akafungua kitabu asichokisoma. Alikuja tena Jumanne baada ya masomo, na Jumatano. Nikadhani amenisamehe. Hata nilimpa chenza, akaikubali, akasema asante.

Alhamisi asubuhi nikakichukua kitabu changu rafuni nikipanguse. Kilikuwa chepesi mkononi kuliko kawaida, au nadhani hivyo sasa. Nikakifungua nyuma. Ukurasa wa mwisho haukuwapo. Ulikuwa umekatwa vizuri sana, kwa wembe na rula, na mahali pake palikuwa na karatasi yetu ya maoni iliyojazwa kwa mwandiko mdogo ulionyooka:

"Mwanakondoo wa Gudda. Maoni ya Katla, miaka 11. Kinaanza polepole mno na mwanakondoo anaongea sana. Lakini ukurasa wa mwisho, pale bibi anapouacha mlango wazi na hasemi kitu, ni mzuri kweli. Niliusoma mara nne kabla ya kuukata."

Niliketi sakafuni, katikati ya rafu mbili, nikalia na shanga za kuning'inizia miwani mdomoni. Siku tatu alinichunguza. Aliona ninachokipenda kuliko vyote, akajua pa kukata. Na yale ndiyo yalikuwa maoni ya kwanza ya mtoto juu ya kitabu changu kwa miaka minane. Lakini wivu hauna haya. Hata pale sakafuni, kamasi zikinitoka, wazo la kwanza lililonijia lilikuwa hili: mara nne! Cha Bergdís kakisoma mara mbili tu.

Nilipomaliza kujifurahisha na upuuzi huo nikaona aibu. Nikaenda kwenye rafu ya vitabu vipya, nikachukua Nyumba Saba, nikarudi pale pale sakafuni nikaanza pale nilipoachia, kwa farasi. Watoto walikuja wakanikuta, wakaruka miguu yangu, wakajihudumia. Nilifika nyumba ya saba saa nane mchana, dirisha likianza kuwa la buluu, maana Desemba kwetu giza huja mapema.

Mwanamke wa nyumba ya saba ndiye aliyemfundisha msichana kusoma. Alimfundisha kwa kidole, kwenye ukuta wenye chumvi, nyuma ya banda la samaki. Na baada ya hapo, imeandikwa, hakuna mgeni aliyefika ghuba ile asiyeambiwa jioni ya kwanza: mimi ndiye niliyemfundisha. Msichana akisoma vizuri, mdomo wa mwanamke yule unatabasamu na macho yanamkimbia. Kila kitu kilikuwepo. Hata andazi la kuchovya.

Wale wa nyumba sita anawachukulia vitu vyao. Kwa huyu wa saba anasimama kwenye theluji siku tatu, akitazama mtu anayemtazama yeye. Mwishowe anaelewa kwamba hakuna cha kuchukua ndani ya nyumba ile. Anachokipenda mwanamke yule ni taa ya jirani. Basi msichana anarudi kwake, anaizima, anapanda meli, na kitabu kinaishia kwa mwanamke amesimama dirishani, akingoja iwake.

Kwa hiyo Bergdís alijua. Pengine miaka arobaini alijua, akaja kunywa kahawa vilevile. Na alivyoliandika, Mungu wangu, alivyoliandika! Mimi nisingeweza kuandika aya moja ya namna ile hata mngenipa miaka mia. Hilo liliniuma zaidi ya yote.

Jumapili ilikuwa siku yetu ya mkate wa Krismasi. Kila mwaka tunakata mikate pamoja jikoni kwa Bergdís: unga umesukumwa mwembamba hadi gazeti linasomeka chini yake, nasi tunachora majani na nyota kwa ncha ya kisu kabla ya kukaanga. Wanawe walikuwa nje wakichota theluji. Nilikata mkate mmoja, nikauharibu. Nikakata wa pili.

"Leo una mkono wa nani?" Bergdís akauliza.

"Bergdís, yale maoni ya Katla niliyakata mimi."

Kisu chake hakikusimama. Alimaliza jani, akalikunja upande, akaanza jingine. "Ulikata wapi?"

"Baada ya 'mama akaja kulala kwangu'."

"Kulikuwa na nini baadaye?"

Nikamwambia. Sikuhitaji karatasi. "Rudia," akasema. Nikarudia. Mafuta yakaanza kulia jikoni na hakuna aliyeinuka. "Rudia tena."

"'Kwa sababu sijawahi kukutana na kitabu kinachoniamini kiasi hiki.'"

Sasa kisu kikalala mezani. Machozi yakamjaa, na sikujua ni ya sentensi ile au ni yangu. "Kwa nini, Sólrún?"

"Kwa kijicho. Sina lingine la kukwambia. Kijicho tu."

"Umekisoma kitabu?"

"Alhamisi."

"Alhamisi," akasema. "Kimetoka mwezi mzima, tunakunywa kahawa pamoja kila siku, na umekisoma Alhamisi." Akafunika mikate kwa kitambaa. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. "Nenda kwako."

Nilivuka uwanja. Dirishani kwangu zilikuwa zinawaka taa saba za Majilio, za kungojea Krismasi, kama kila nyumba, na kwake pia, zikitazamana na zangu kama kila Desemba tangu tulipojenga. Nikasimama jikoni bila kuvua koti. Saa kumi alasiri, taa zake zikazimika zote saba.

Jumatatu nilimngoja Eyjólfur mlangoni pa ofisi yake. Nikamwonyesha karatasi ya Katla, nzima. Akaisoma, akakuna shingo. "Sólrún, hii... wazazi wataniua."

"Wataniua mimi. Nimekwisha kuandikia gazeti."

Alhamisi ile gazeti lilichapa maoni ya Katla yote, na chini yake barua yangu fupi: aliyekata ni mkutubi, hakukata kwa nafasi wala kwa kuwalinda watoto, alikata kwa wivu, na jina langu. Kwenye bwawa la maji moto watu walinipisha mahali pakubwa kuliko mwili wangu. Yule mama mwenye mvuke alisema, "Basi mimi nikinunue tena? Cha mapishi nimeshakimwagia supu." Fundi bomba aliniambia kwa upole kwamba hata yeye hakuwahi kusoma mashairi ya yule wa kusukuma theluji, kwa sababu hizo hizo. Katla alikuja maktaba na ukurasa wangu ndani ya bahasha, na gundi. Hakuomba msamaha, nami sikumwomba aombe. Tuliubandika pamoja. Umekaa upande kidogo.

Eyjólfur akamwalika Bergdís upya, naye akajibu kwamba atakuja. Dirisha lake lilibaki jeusi siku tano.

Siku ya Krismasi ndogo watoto walikwisha kuzunguka mti, wakakaa sakafuni na nguo zao nzuri. Bergdís aliingia na ile sweta yenye maua meupe. Akatembea hadi kwenye ubao ule ule, akasimama. Mimi nilisimama nyuma kabisa, karibu na mlango na makoti.

Alisoma sura ya farasi. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, na mahali pawili herufi zilimchezea, akarudi nyuma, akazisubiri zitulie. Watoto mia moja na kitu walimsubiri pamoja naye. Hakuna aliyecheka. Alipofunga kitabu wakapiga makofi kwa mikono na miguu.

Tindur akasimama bila kuitwa. "Mimi na Katla tumewekeana dau la chenza. Yule mwanamke wa nyumba ya saba, anampenda msichana ama anamwonea wivu?"

Bergdís akatazama sakafu. Akatazama watoto, kisha juu ya vichwa vyao, mpaka kwenye makoti.

"Vyote viwili," akasema. "Nilimtazama muda mrefu sana nijue ni kipi. Ni vyote viwili."

"Basi hakuna aliyeshinda!" Tindur akalalamika.

"Gawaneni," akasema Bergdís.

Nilitoka kabla ya kahawa. Nyumbani sikuwasha kitu. Giza lilikuwa limeshaingia, saa tisa na nusu alasiri, nami nikajikuta nimesimama pale pale dirishani, mkono kwenye pazia, nikingoja arudi nione kama atawasha. Nikamwona akija na theluji, sweta imechungulia chini ya koti, mikono imejaa michoro ya watoto, na watu wawili barabarani wakimsimamisha kumpongeza. Roho iliniuma. Nasema kweli, iliniuma vilevile kama siku ya kwanza. Akaingia ndani, akafunga mlango. Dirisha likabaki jeusi.

Nikaachia pazia. Nikavaa viatu, nikavuka uwanja, na ule wivu wangu nikaja nao, maana sikuwa na pa kuuacha. Kwetu jirani hagongi, husukuma mlango akaita. Miaka yote hiyo sijawahi kugonga kwa Bergdís. Nikagonga.

"Nani?" akauliza ndani.

"Ni mimi. Nimekuja kukuambia umesoma vizuri."

Nikasikia soksi zake zikivuka jiko, zikasimama upande wa pili wa mlango. Nikagonga tena.